Kugonganisha viini vya atomi kwenye kompyuta mpakato: mwongozo kamili kwa wanafizikia wa Nyanda za Juu Kusini

Mashine kubwa za kugonganisha ioni nzito ziko mbali nasi: GSI mjini Darmstadt, Ujerumani, GANIL mjini Caen, Ufaransa, na RHIC kule Brookhaven, Marekani, ambayo sasa imemaliza kazi yake. Kijana anayesoma fizikia MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) hapa Mbeya, au anayejiandaa kuwa mwalimu pale Mkwawa, Iringa, leo hana njia ya kuzifikia. Lakini mgongano wenyewe anaweza kuuendesha mezani kwake. Anaweza kuona viini viwili vikikutana, vikibanana na kusambaratika vipande, huku akijua kila nukleoni (yaani kila protoni au neutroni) ilipo na inaelekea wapi, jambo ambalo hakuna kipima chochote duniani kinachoweza kumwonyesha.

Mtaji unaohitajika ni sheria ya pili ya Newton, Python ya kawaida na uvumilivu. Sharti ni moja, na nitalirudia: usigonganishe chochote mpaka kiini kimoja kimeweza kukaa peke yake bila kuvunjika. Wengi hukimbilia mgongano kwa sababu picha zake zinavutia, kisha wanaandika ripoti nzima juu ya vipande vilivyotokana na hesabu mbovu.

Mbinu yenyewe, na mipaka yake

Mbinu hii huitwa mwendo wa molekuli kwa sababu ilizaliwa kwenye utafiti wa gesi na vimiminika. Alder na Wainwright walianza mwaka 1957 kwa vitufe vigumu, na mwaka 1964 Rahman akaiga agoni kimiminika kwa atomi 864. Kila chembe ina mahali ilipo na mwendokasi wake. Unakokotoa kani inayotoka kwa majirani, unaisogeza chembe kidogo, unarudia maelfu ya mara. Mwaka 1977 Bodmer na Panos, na kundi la Wilets, walilipeleka wazo hilo kwenye viini.

Hapa lazima tuseme ukweli. Protoni na neutroni zinafuata fizikia ya kwanta, na kanuni ya Pauli inazizuia nukleoni za aina moja zisishike hali ileile. Newton hajui habari hizo. Modeli tutakayotumia inazunguka tatizo kwa kufanya nukleoni zinazofanana zisukumane. Hiyo ni mbadala, si Pauli mwenyewe. Ndiyo maana zipo mbinu nzito zaidi, kama ile ya kwanta ambayo Aichelin na Stöcker waliichapisha mwaka 1986, ambamo kila nukleoni ni wimbi lililokusanyika badala ya nukta. Kwa anayeanza, modeli ya Newton inatosha na inafundisha mengi, mradi ubaki kwenye nishati za kati, tuseme MeV 30 hadi 100 kwa kila nukleoni (MeV, milioni ya elektronivolti, ni kipimo cha nishati). Chini ya hapo Pauli anatawala mno. Juu sana, karibu na MeV 290, mapioni, chembe mpya zinazotokana na nishati ya mgongano, huanza kuzaliwa na modeli hii haina mahali pa kuyaweka. Na yale ya RHIC, ambako nukleoni zenyewe zinayeyuka kuwa kwaki na gluoni, chembe ndogo zaidi zinazoziunda, usiyaguse kabisa kwa mbinu hii.

Andaa kompyuta na vipimo

Sakinisha Python pamoja na maktaba zake tatu: numpy ya hesabu, numba ya kuongeza kasi na matplotlib ya kuchora. Fanya hivyo siku uko kwenye intaneti ya chuo, maana ukishapakua hutahitaji bando tena kwa kazi yote inayofuata.

Kisha sahau mita, kilo na sekunde. Ukitumia vipimo hivyo utakuwa unasoma namba zenye sifuri ishirini na saba, na jicho lako halitagundua kosa. Watu wa viini hutumia femtometa (fm) kwa urefu, MeV kwa nishati, na fm/c kwa muda, yaani muda ambao mwanga unatumia kupita femtometa moja, ambao ni sekunde 3.3 × 10⁻²⁴. Tungamo la nukleoni ni MeV 938.9 ukigawa kwa c². Nguvu ya umeme kati ya protoni mbili inaingia kwa namba moja tu: e² = 1.44 MeV·fm. Mwendokasi wowote utakaopata utakuwa sehemu ya mwendo wa mwanga; ukiona namba inayozidi 1, simama hapo hapo.

Kani kati ya nukleoni

Tutatumia fomula iliyotengenezwa miaka ya 1980 na Vijay Pandharipande na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois. Kwa jozi ya protoni na neutroni, nishati kwa umbali r ni:

V(r) = Vr·[e^(−μr·r)/r − e^(−μr·rc)/rc] − Va·[e^(−μa·r)/r − e^(−μa·rc)/rc]

Kwa jozi zinazofanana, protoni na protoni au neutroni na neutroni:

V(r) = V0·[e^(−μ0·r)/r − e^(−μ0·rc)/rc]

Namba zake: Vr = 3088.118 na Va = 2666.647, V0 = 373.118, zote MeV·fm; μr = 1.7468, μa = 1.6000, μ0 = 1.5000, zote kwa fm⁻¹; rc = 5.4 fm. Zaidi ya rc, nishati na kani ni sifuri. Kisha ongeza 1.44/r kwa kila jozi ya protoni, na hiyo usiikate popote, kwa sababu umeme unafika mbali.

Kani unaipata kwa kutafuta mteremko wa nishati. Kwa kila kipengele chenye umbo la e^(−μr)/r, kani ni e^(−μr)·(μ/r + 1/r²), ikizidishwa na V yake na kubeba alama yake.

Kabla ya kuandika mstari mwingine wowote, chora grafu ya V(r) kutoka fm 0.8 hadi 5.4 na uikague kwa namba hizi. Jozi ya protoni na neutroni inavuka sifuri karibu kabisa na fm 1.0. Bonde lake liko karibu na fm 1.4, kina chake kikiwa takribani MeV 11.5. Kwa fm 2 nishati imepanda hadi karibu −7.4. Jozi zinazofanana zinabaki juu ya sifuri njia nzima: takribani MeV 83 kwa fm 1, na 9.3 kwa fm 2. Mstari wako usipopita hapo, umekosea alama au umebadilisha μ mbili. Ni dakika tano za kazi, na zinakuokoa wiki nzima ya kutafuta mchawi.

Jaribio la pili la kani: sogeza r kwa 0.0001, pima badiliko la V, gawanya, geuza alama. Jibu lazima lilingane na kani uliyoandika mpaka tarakimu ya nne au ya tano.

Kusogeza chembe

Njia ya Verlet ya mwaka 1967, katika sura yake inayotumia mwendokasi, inatosha (hapa r ni mahali chembe ilipo, v mwendokasi, F kani, U nishati, m tungamo, na dt hatua ya muda):

v += 0.5·dt·F/m
r += dt·v
F, U = kani(r)
v += 0.5·dt·F/m

Mistari minne hiyo ndiyo injini yote. Usishawishike na njia ya Euler eti kwa sababu ni fupi zaidi. Nishati yake inakua polepole na kiini chako kitachemka bila kuguswa na mtu.

Je, dt iwe ngapi? Jozi ya protoni na neutroni ikitikisika chini ya bonde lake humaliza mzunguko mmoja kwa takribani fm/c 16, na ndani ya kiini chenye majirani wengi mtikisiko ni wa haraka zaidi. Hatua ya fm/c 0.1 iko salama. Lakini usiniamini mimi, ijaribu. Endesha kitu kilekile kwa 0.2, kisha kwa 0.1, upime nishati yote inavyoyumba. Ukipunguza hatua kwa nusu, yumbo lazima lishuke hadi karibu robo. Lisiposhuka hivyo, kani yako na nishati yako haziongei lugha moja, na tatizo hilo halitatibiwa kwa kupunguza dt.

Kutengeneza kiini kinachotulia

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ningekuomba ukae muda mrefu kuliko popote. Anza na kalsiamu-40: protoni 20, neutroni 20.

Zimwage nukleoni 40 kwa nasibu ndani ya tufe lenye nusukipenyo cha fm 6, ukikataa mahali popote ambapo mbili zinakaribiana chini ya fm 1.2. Weka mvuto mdogo kuelekea katikati ili zisitawanyike mwanzoni. Kisha endesha Verlet, na kila hatua zidisha mwendokasi wote kwa 0.995. Huo ni msuguano wa bandia: unanyonya joto kidogo kidogo mpaka nukleoni zinajipanga. Zikishatulia, ondoa mvuto wa katikati na upoze tena.

Mara nyingi viini hivi vya kompyuta, yaani matone haya ya nukleoni, hunasa kwenye mpangilio ambao si wa chini kabisa. Rudia kwa mianzo ishirini tofauti, chukua chenye nishati ndogo kuliko vyote. Ondoa mwendo wa kituo cha tungamo. Halafu jiulize maswali haya.

Nishati ya kushikamana kwa nukleoni ni ngapi? Kalsiamu-40 halisi ina MeV 8.55. Modeli hii haikutengenezwa ili iigonge namba hiyo barabara, kwa hiyo tofauti ya MeV moja au mbili isikutishe. Ukipata kama mara mbili yake, karibu hakika unahesabu kila jozi mara mbili. Nishati ikitoka chanya, angalia alama ya Va.

Nishati ya umeme peke yake ni ngapi? Tufe lenye chaji iliyosambaa sawasawa, nusukipenyo 1.2 × A^(1/3) ambapo A ni idadi ya nukleoni, yaani fm 4.1 kwa kalsiamu, linakupa takribani MeV 80 kwa protoni 20. Jumla yako iwe jirani ya hapo. Kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya umbali wa nukleoni kutoka katikati kiangukie kati ya fm 3 na 3.5.

Mwisho, lile sharti. Zima msuguano kabisa na uendeshe kiini peke yake kwa fm/c 300. Hakuna nukleoni inayoruhusiwa kutoroka, na nishati isiyumbe zaidi ya sehemu moja kwa elfu. Kikishindwa, rudi nyuma, hata kama una haraka ya kuwasilisha.

Ukimaliza kalsiamu, tengeneza chuma-56 chenye protoni 26 na neutroni 30. Ni chuma kilekile kilichojaa kwenye kimondo cha Mbozi, na kuna sababu chuma kimejaa angani: nukleoni zake zimeshikana kwa MeV 8.79 kila moja, miongoni mwa viwango vikubwa kuliko vyote. Dhahabu-197 ina 7.92 tu, kwa sababu protoni zake 79 zinasukumana. Uone kama modeli yako nayo inalegea ukielekea kwenye viini vizito. Wanafunzi wanaoishi saa chache kutoka kwenye kimondo kile wanastahili kuikokotoa namba hiyo kwa mikono yao.

Mgongano

Chukua kalsiamu dhidi ya kalsiamu kwa boriti (mkondo wa viini vinavyorushwa) ya MeV 50 kwa nukleoni. Fanya kazi kwenye fremu ya kituo cha tungamo, ambako viini vyote viwili vinakwenda. Kwa viini vinavyolingana, kila nukleoni inapata robo ya nishati ya boriti, yaani MeV 12.5, na mwendokasi ni √(2 × 12.5 / 938.9), ambao ni 0.163 ya mwendo wa mwanga. Weka kiini kimoja kwenye z = −10 fm, kingine kwenye z = +10, kimoja kikienda mbele na kingine kikija. Kwa umbali huo tayari vinasukumana kwa umeme wa karibu MeV 29. Zitoe MeV hizo 29 kwenye nishati mwendo ya jumla, ambayo ni MeV 1000, ili usianze na ziada. Nyuso zao zitagusana baada ya takribani fm/c 36.

Jambo linalosahaulika sana ni kugeuza viini. Tone lililopozwa kwa modeli ya Newton halina mwendo wa ndani, na nukleoni zake zimejipanga kama matofali kwenye tanuru: ukiligonga kwenye kona si sawa na kuligonga ubavuni. Kwa hiyo kabla ya kila mgongano zungusha kila kiini kwa mwelekeo wa nasibu. Usipofanya hivyo, migongano mia tano itakuwa mgongano mmoja ulionakiliwa mara mia tano.

Kisha kuna kupishana, umbali b kati ya njia za katikati za viini viwili. Kisogeze kimoja kwa +b/2 kwenye x na kingine kwa −b/2. Kwenye maabara, migongano ya pembeni ni mingi kuliko ya uso kwa uso, kwa sababu pete ya nje ina eneo kubwa. Chagua b = bmax × √ξ, ambapo ξ ni namba nasibu kati ya 0 na 1, na bmax iwe karibu fm 8.

Endesha mpaka fm/c 300, hatua 3,000. Nukleoni 80 zina jozi 3,160, mzigo mdogo ambao numba inaubeba bila shida. Kwa mamia ya migongano, acha kompyuta ifanye kazi usiku; baridi ya Juni huku kwetu inaisaidia isipate joto. Ila hifadhi r na v kwenye faili kila hatua 500, na kila mgongano uwe na mbegu yake ya namba nasibu (namba inayoanzisha mfululizo wake) iliyoandikwa kwenye jina la faili. Umeme ukikatika saa nane usiku, asubuhi utaendelea ulipoishia.

Tazama b ndogo kwanza. Msongamano wa katikati unapanda juu ya 0.16 kwa fm³, ambao ndio wa kawaida ndani ya kiini chochote kizito. Kisha maada yote inatanuka, inapungua mpaka sehemu ndogo ya msongamano huo, na hapo inaanza kukatika vipande. Kwa b kubwa, viini viwili vinakwaruzana na kuendelea na safari, vikiacha vipande vidogo katikati yao.

Kutambua vipande

Njia rahisi: nukleoni mbili zilizo karibu kuliko fm 3 ni za kipande kimoja, na rafiki wa rafiki ni rafiki. Njia hii ni nzuri mwishoni, wakati vipande vimeshaachana. Mapema, wakati kila kitu kimebanana, itakuambia kuna kipande kimoja kikubwa, na si kweli. Boresha kwa sharti la nishati: mbili zihesabiwe pamoja pale tu ambapo nishati mwendo ya mmoja kwa mwenzake ukijumlisha na V yao inakuwa chini ya sifuri.

Kwa kila mgongano, hesabu protoni na neutroni za vipande vyote; zikitoka pungufu ya 40 na 40, msimbo wa vipande una kasoro. Chora idadi ya vipande vyenye protoni 3 au zaidi dhidi ya b. Kundi la ALADIN kule GSI lilipima jambo la aina hii kwa boriti ya dhahabu: ukali wa mgongano ukiongezeka, vipande vinaongezeka, kisha vinapungua kwa sababu hata vipande vyenyewe vinavunjika. Umbo la mlima huo ndilo la kulitafuta, si namba zilezile.

Na usilinganishe moja kwa moja na vipimo vya maabara. Kwenye fm/c 300 vipande vyako bado ni vya moto, ilhali kipima kinavipokea vikiwa vimeshadondosha neutroni na chembe nyingine na kupoa.

Maada ya viini ndani ya sanduku

Ili kujifunza maada yenyewe bila uso wa kiini, weka nukleoni 1,000, nusu kwa nusu, kwenye sanduku ambalo chembe ikitoka ukuta mmoja inaingia kwa ukuta wa pili. Kwa msongamano wa 0.16, upande ni fm 18.4. Lazima upande uzidi mara mbili ya rc, yaani fm 10.8, la sivyo nukleoni itajiona yenyewe ng'ambo ya ukuta. Zima umeme kabisa, kwa sababu maada isiyo na mwisho yenye chaji ina nishati isiyo na mwisho.

Poza kwa misongamano kadhaa kati ya 0.05 na 0.25 na uchore nishati kwa nukleoni. Bonde lije karibu na 0.16, kwa takribani MeV −16. Mkunjo wa bonde hilo ndio unaoonyesha ugumu wa maada kubanwa, na seti hii ya namba ilichaguliwa itoe takribani MeV 250. Halijoto ni theluthi mbili za nishati mwendo ya wastani. MeV 1 ni kama kelvini bilioni 11.6.

Ukitaka ganda la nyota ya neutroni, umeme unarudi, lakini elektroni zinazoizunguka maada zinaupunguza: badala ya 1.44/r tumia 1.44·e^(−r/λ)/r, ambapo λ ni umbali ambao umeme hufifia. Mwaka 1983 Ravenhall, Pethick na Wilson walionyesha kwamba chini ya msongamano wa kawaida maada hii hujipanga kwa matone, kisha nguzo ndefu kama tambi, kisha tabaka. Kwa λ ya fm 10 kata umeme kwenye fm 20. Sanduku basi liwe fm 40 au zaidi, na kwa msongamano wa 0.05 hiyo ni nukleoni 3,200. Numba itaanza kuelemewa. Hapo hamia LAMMPS, programu huria iliyotoka Maabara za Sandia, Marekani. Inapokea jedwali la r, nishati na kani, yaani lilelile ulilolikagua siku ya kwanza kwa grafu.

Poza polepole kutoka MeV 2 hadi 0.5, ukiacha mfumo utulie kwenye kila ngazi. Anza mara tatu kwa mbegu tofauti. Maumbo matatu yakitofautiana, umepoza haraka mno au sanduku ni dogo. Jaribu kwanza mwendo wa polepole zaidi, kisha λ ya fm 20 kwenye sanduku la fm 80, uone kama tambi zinabaki tambi.